Azma ya Sheikh Abdallah Saleh Farsy na Sisi Tuliohama

Ndugu zangu wa damu na wa asili, mlioko Maskati, Mombasa, Dubai, London na kwingineko, nawaandikia kutoka Al Wukair, kusini mwa Doha. Mara nyingi tunapotaja urithi wetu hutaja nasaba, majahazi na nyumba za mawe. Leo napenda tuzungumze juu ya urithi ambao wazee wetu hawakuuandika katika hati yoyote ya mirathi, nao ni azma.

Katika mazungumzo ya kila siku tumezoea kuchanganya nia na azma. Wanavyuoni waliyapanga yapitayo moyoni kwa daraja tano. Ya kwanza ni hajis, wazo lipitalo kama upepo dirishani. Ya pili ni khatir, wazo likaapo kidogo. Ya tatu ni hadithi ya nafsi, mtu ajishauripo afanye au asifanye. Ya nne ni hamm, moyo uelemeapo upande mmoja. Ya tano ndiyo azm, moyo ufungapo shauri. Wazo baya likikomea katika daraja nne za mwanzo, mja husamehewa. Likifika ya tano, wengi wao wamesema kuwa huandikwa juu yake. Basi azma si jambo dogo: ni pale moyo unapoanza kuhesabika kama mkono.

Qurani nayo inatufundisha mambo mawili. Katika Sura Taha tunaelezwa kuwa Nabii Adam alisahau, na haikuonekana kwake azma. Tazameni vizuri: kinachotajwa pamoja na kukosekana kwa azma si uvivu wala woga, bali ni kusahau. Na katika Sura Al Imran, baada ya msiba wa Uhud, Mtume (s.a.w.) anaamrishwa kushauriana na wenziwe, kisha akiazimu amtegemee Mwenyezi Mungu. Kwanza shauri, kisha azma, kisha tawakali. Azma iliyotanguliwa na shauri haiwi ukaidi, na iliyofuatwa na tawakali haiwi kiburi.

Sijui mfano ulio karibu nasi zaidi kuliko Sheikh Abdallah Saleh Farsy. Alizaliwa Unguja mwaka 1912, akasoma katika darsa za mji ule, zikiwamo zile zilizotokana na Sheikh Abdallah Bakathir, mzaliwa wa Lamu aliyefariki Unguja mwaka 1925. Akawa mwalimu wa shule, na baadaye kadhi.

Wakati wake, Mswahili aliyetaka kuifahamu Qurani kwa lugha yake hakuwa na tafsiri kamili kutoka kwa wanavyuoni wa pwani. Iliyokuwapo tangu mwaka 1923 ilikuwa kazi ya Godfrey Dale, padri wa misheni ya UMCA. Mwaka 1953 ikatoka nyingine Nairobi, ya Jumuiya ya Ahmadiyya. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa alikwisha kuianza kazi hiyo, lakini mauti yalimfika mwaka 1947 kabla hajaikamilisha. Haja ilijulikana, njia ilikwisha kuonyeshwa, na mwenye kuanza alikwisha kutangulia mbele ya haki. Kilichobaki ni mtu wa kufunga moyo.

Sheikh Abdallah alianza kuitoa tafsiri yake sehemu kwa sehemu katika miaka ya 1950. Qurani ina sura 114 na aya zaidi ya 6,000, na kila aya ilitaka maana yake, na nyingi zilitaka maelezo. Wazee husema bandu bandu huisha gogo. Lakini gogo hilo lilikatwa na mtu aliyekuwa na wanafunzi wa kufundisha na mashauri ya watu ya kukata. Kisha yakaja Mapinduzi ya Januari 1964, na familia nyingi, zetu zikiwamo, zikatawanyika. Mwaka 1967 naye aliihama Unguja akaenda Kenya, na mwaka uliofuata akawa Kadhi Mkuu wa nchi hiyo. Mwaka 1969 Qurani Takatifu ikatoka kamili Nairobi, ikachapishwa na Islamic Foundation. Mwishowe alihamia Oman, akafariki Maskati mwaka 1982.

Basi kazi ilianza katika mji mmoja, ikakamilika katika mji mwingine, na mwenyewe akazikwa mbali na yote miwili. Sisi wana wa waliohama tuna desturi ya kusema: laiti tungalibaki kwetu, tungalishika dini na lugha kama wazee. Maisha ya mzee huyu yanatunyang'anya udhuru huo. Alipoteza mji, hakupoteza kazi. Azma haikai katika kuta za mawe. Hukaa katika jambo dogo linalorudiwa, iwe uko Ukutani au uko ugenini.

Hapa Al Wukair watoto wetu husoma Kiarabu shuleni, na Kiingereza ndicho wanachochezea. Mmoja wao aliniuliza kwa nini tusome tafsiri ya Kiswahili, ilhali yeye anaifahamu aya yenyewe kwa Kiarabu. Ni swali la haki, wala halistahili kukemewa. Nilimjibu kuwa tafsiri haizidi aya. Lakini ndani yake imo sauti ambayo kwayo bibi yake aliifahamu aya ile, akaililia na kuifanyia kazi. Ukiisahau sauti hiyo, utabaki na dini yako, inshallah, lakini hutajua ilikufikiaje.

Kwa hivyo nimeona nitoe shauri kwa kila nyumba yetu: ukurasa mmoja kwa juma, usiku wa kuamkia Ijumaa, usomwe kwa Kiarabu kisha kwa Kiswahili, mkubwa akisoma na mdogo akisahihishwa kwa upole. Nyumba yangu imekwisha kuazimu. Anayeona ukurasa ni mchache na akumbuke daraja tano: wengi wetu tumeishia katika hamm miaka mingi, tukidhani tumefika.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotutangulia, na atujaalie tusiwe miongoni mwa wenye kusahau. Amin.