Darasa la mchimbaji: Safari ndefu kutoka gazetini hadi kwenye sheria

Katika miaka ya 1880, gazeti moja la mji wa Shenandoah, katikati ya machimbo ya makaa ya mawe ya Pennsylvania nchini Marekani, lilifungua ukurasa wa maswali na majibu kwa ajili ya watu wa migodini. Wasomaji waliuliza juu ya mzunguko wa hewa chini ya ardhi, juu ya pampu za kutoa maji, juu ya hesabu zinazomsumbua msimamizi anapopanga kazi ya zamu. Mhariri wake, Thomas J. Foster, alichapisha maswali hayo pamoja na majibu yake. Watu waliotoka kazini na masizi usoni wakawa wanasoma gazeti kwa penseli mkononi.

Kilichowasukuma ni sheria. Mwaka 1885 jimbo la Pennsylvania liliamuru kwamba wasimamizi na wakaguzi wa migodi ya makaa wafanye mtihani kabla ya kukabidhiwa kazi. Wachimbaji hodari waliokuwa wameacha shule wakiwa wadogo, wengine wakiwa na miaka 8 au 9 ili wakachambue mawe kwenye makaa, walijikuta mbele ya karatasi yenye hesabu za sehemu na kanuni za gesi. Waliijua miamba kwa kuigusa na kwa mlio wake, lakini mtihani haukuuliza hayo.

Foster aliona ukurasa wa gazeti hautoshi. Alihamia Scranton, na mwaka 1891 akaanzisha kozi ya uchimbaji wa makaa inayofundishwa kwa posta. Mwanafunzi alipokea kijitabu chembamba cha kuingia mfukoni, kilichoandikwa kwa mtu anayejua kusoma tu. Somo la kwanza lilikuwa hesabu za kawaida, na kutoka hapo alipanda ngazi moja baada ya nyingine hadi kwenye hewa, gesi, mashine na upimaji. Alifanya zoezi nyumbani baada ya zamu, akalituma, likasahihishwa na kurudishwa. Shule hiyo, International Correspondence Schools, ilikua haraka hadi ikafundisha fani nyingine kadha wa kadha, na katika miongo yake mitatu ya kwanza walioandikishwa walipita milioni 2. Wengi hawakumaliza. Hata hivyo, jambo kubwa lilikuwa limethibitika: mtu mzima mwenye kazi ngumu na familia atasoma, ikiwa somo linamfuata alipo na linagusa kazi yake.

Lakini kwa nini jimbo lilitaka mitihani hiyo? Ni kwa sababu ya makaburi. Tarehe 6 Septemba 1869, huko Avondale, moto ulishika jengo la mbao lililosimama juu kabisa ya mdomo wa shimo. Mgodi ulikuwa na njia moja tu ya kuingilia na kutokea, na njia hiyo ndiyo iliyokuwa inaungua. Watu 110 walikufa, wawili kati yao wakiwa ni waokoaji walioshuka kuwatafuta wenzao. Mwaka uliofuata Pennsylvania ilitunga sheria iliyotaka kila mgodi wa aina hiyo uwe na njia mbili za kutokea na ukaguliwe. Baadaye ikaja zamu ya wasimamizi kupimwa, na mwaka 1889 wachimbaji wenyewe katika makaa magumu ya jimbo hilo wakatakiwa kuwa na cheti cha ujuzi, kinachopatikana baada ya miaka 2 ya kufanya kazi ya usaidizi chini ya mchimbaji mzoefu.

Kwa wengine wote nchini humo, mwalimu alibaki kuwa yule yule wa siku zote: baba, kaka, mjomba au jirani anayekushika mkono siku ya kwanza. Utaratibu huo haupaswi kudharauliwa. Ndio uliofundisha vizazi kugonga dari kwa mtaimbo na kusikiliza kama mwamba umeshikamana au umeachana, kutega baruti, kusimamisha nguzo. Kasoro yake ni kwamba mwanafunzi hurithi ujuzi wa mwalimu pamoja na mazoea yake mabaya, na kwamba hakuna mzoefu anayeweza kumfundisha mwenzake jambo ambalo yeye mwenyewe hajawahi kulikuta. Mlipuko mkubwa ni jambo la namna hiyo, kwa kuwa wengi wanaokutana nao hawapati nafasi ya kusimulia.

Tarehe 6 Desemba 1907, karibu saa nne na nusu asubuhi, migodi miwili iliyounganika huko Monongah, West Virginia, ililipuka kwa gesi na vumbi la makaa. Idadi rasmi ya waliokufa ni 362, wengi wao wahamiaji kutoka Italia na Ulaya ya mashariki, na hadi leo hakuna maafa ya mgodini Marekani yaliyoua watu wengi kuliko hayo. Kabla mwezi haujaisha, mlipuko mwingine ukaua 239 katika mgodi wa Darr, Pennsylvania. Mwaka huo mmoja ulichukua zaidi ya watu 3,200 katika migodi ya makaa ya nchi hiyo.

Serikali kuu ilichukua hatua baada ya hapo. Mwaka 1910 iliundwa Idara ya Migodi, na mkurugenzi wake wa kwanza akawa mjiolojia Joseph A. Holmes. Sheria haikumpa mamlaka ya kumshurutisha mwenye mgodi yeyote. Alichokuwa nacho ni ruhusa ya kuchunguza na kufundisha, na hiyo aliitumia mpaka mwisho wake.

Holmes alichukua mabehewa makuukuu ya kulala abiria, yale ya kampuni ya Pullman, akayageuza madarasa. Ndani yake mlikuwa na vifaa vya kupumulia, machela, bandeji, vyumba vya kulala wakufunzi, na chumba kilichozibwa ambamo moshi ulijazwa ili mwanafunzi avae kifaa na kufanya kazi humo kama vile yumo mgodini. Kulikuwa pia na vizimba vya ndege aina ya kanari, ambao huzidiwa na hewa yenye sumu mapema kuliko binadamu. Behewa lilivutwa hadi kwenye mji wa machimbo, likaachwa kwenye reli ya pembeni, na kwa siku kadhaa wachimbaji walipita humo kujifunza kufunga mfupa uliovunjika, kuzuia damu, kumbeba majeruhi kwenye njia nyembamba. Kukitokea mlipuko jirani, behewa hilo hilo lilikimbizwa na timu yake kwenda kuokoa.

Jaribio lake halikuchelewa. Desemba 1911 mgodi wa Cross Mountain, karibu na Briceville, Tennessee, ulilipuka. Watu 84 walikufa. Waokoaji wa Idara waliingia na vifaa vyao na kanari wao, na zaidi ya siku mbili baada ya mlipuko wakawatoa watu 5 wakiwa hai. Watu hao walikuwa wamejizibia upande mmoja wa mgodi ili hewa chafu isiwafikie. Wiki chache kabla, mwishoni mwa Oktoba, Rais William Howard Taft alikuwa ameketi katika uwanja wa besiboli wa Forbes Field, Pittsburgh, akitazama timu za wachimbaji zikionyesha huduma ya kwanza na uokoaji mbele ya maelfu ya watu. Mashindano ya namna hiyo yanaendelea mpaka sasa, na kwa maoni ya mwandishi, huu ni miongoni mwa urithi bora wa Holmes. Yeye mwenyewe alifariki mwaka 1915 kwa kifua kikuu.

Pamoja na hayo, mafunzo yalibaki kuwa hisani. Mwenye mgodi aliyetaka aliita behewa, na asiyetaka hakuguswa. Ilichukua zaidi ya nusu karne kulibadilisha hilo, na mabadiliko yalitoka mahali ambapo wengi hawakupatazamia: mgodi wa fedha.

Mgodi wa Sunshine uko karibu na mji wa Kellogg, jimbo la Idaho. Ulikuwa miongoni mwa wazalishaji wakubwa wa fedha nchini, na watu waliamini kwamba mwamba wake mgumu hauungui. Tarehe 2 Mei 1972, muda mfupi kabla ya saa sita mchana, mafundi walinusa moshi. Zamu hiyo ilikuwa na watu 173 chini ya ardhi. Moto wenyewe haukuwaua. Kilichoua ni kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, iliyosambazwa na mfumo ule ule wa hewa uliowekwa ili wapumue.

Mgodini mlikuwa na vifaa vidogo vya kujiokolea, vinavyowekwa mdomoni ili kuigeuza gesi hiyo isidhuru. Vifaa hivyo vina tabia moja: vikifanya kazi, huwa vya moto. Hewa inayoingia mdomoni huunguza, na joto likizidi ni dalili kwamba nje pana sumu nyingi. Aliyefundishwa atavumilia na kukiuma kifaa chake mpaka atoke. Asiyefundishwa atadhani kimeharibika na kukitema. Uchunguzi ulionyesha kwamba wengi hawakuwa wamefundishwa kuvitumia, na mazoezi ya kuhama mgodi hayakuwa yakifanywa. Watu 80 walitoka mapema. Wawili walipatikana hai baada ya wiki nzima. Waliobaki, 91, walikufa.

Sheria kali ya usalama ilikuwepo tayari, iliyotungwa mwaka 1969 baada ya mlipuko wa Farmington, West Virginia, ulioua watu 78. Ila ilihusu makaa tu. Mchimbaji wa fedha, dhahabu au shaba alikuwa chini ya sheria nyingine, iliyo legevu. Mwaka 1977 Bunge la Marekani liliziunganisha, na ndani ya sheria hiyo mpya kifungu cha mafunzo kinastahili kusomwa taratibu.

Mchimbaji mpya wa chini ya ardhi hupewa saa zisizopungua 40 za mafunzo. Wa mgodi wa wazi hupewa 24. Na kila mchimbaji, hata mwenye miaka 30 kazini, hurudi darasani kwa saa zisizopungua 8 kila mwaka. Mafunzo hufanyika ndani ya saa za kazi, na mtu hulipwa ujira wake wa kawaida. Akimaliza hupewa cheti, na anayethibitisha kwa uongo kwamba mafunzo yamefanyika huadhibiwa. Mkaguzi akimkuta mtu asiyefundishwa humwondoa mgodini mpaka afundishwe, na mwajiri haruhusiwi kumfukuza wala kumkata mshahara kwa sababu hiyo. Gharama ya ujinga ilihamishwa kutoka mgongoni mwa mchimbaji ikawekwa kwa mwenye mgodi, ambako ndiko ilikopaswa kuwa tangu mwanzo.

Kazi haikuishia hapo. Januari 2006, mlipuko wa Sago, West Virginia, uliua watu 12, na baada yake wachimbaji wa makaa wa chini ya ardhi walitakiwa kufanya mazoezi ya kutoroka na kuvaa vifaa vya hewa kila baada ya miezi mitatu, kwa mikono yao wenyewe. Mwaka 2020 migodi ya makaa ya Marekani ilipoteza watu 5. Ni kweli kwamba wachimbaji wenyewe wamepungua sana na mashine zimechukua nafasi yao, lakini ukiiweka namba hiyo kando ya ile ya 1907, mchango wa darasa hauwezi kukanushwa.

Historia hii inaigusa Tanzania moja kwa moja. Nchi ina Chuo cha Madini Dodoma, na tangu 2009 VETA Moshi imekuwa ikiwaandaa mafundi wa migodi kwa kushirikiana na kampuni kubwa, vijana wakigawa muda wao kati ya chuo na mgodi. Hao wana darasa. Wachimbaji wadogo, wanaokadiriwa kuzidi milioni 1, wengi wao hawana. Wanaapolo, yaani wachimbaji wa mashimoni, wa Mererani waliozama makumi kwa makumi katika mafuriko ya 1998 na tena 2008 walijifunza kazi kwa wenzao, kama walivyojifunza watu wa Pennsylvania. Huko Nyangarata, Kahama, mwaka 2015, wachimbaji watano walitolewa hai baada ya siku 41 chini ya ardhi. Nchi nzima ilishangilia, na ilistahili kushangilia, lakini hatukuuliza kwa sauti ile ile nani aliwahi kuwafundisha la kufanya duara, yaani shimo la uchimbaji, linapotitia.

Ugumu unajulikana. Mchimbaji mdogo mara nyingi halipwi mshahara. Hugawana mifuko ya mawe na mwenye duara, kwa hiyo siku ya semina ni siku ya njaa. Hapo ndipo kifungu cha 1977 kinapotufaa. Tume ya Madini na Wizara waanze na saa 8 kwa mwaka kwa kila anayeshuka duarani, wakufunzi wawafuate machimboni Geita, Chunya na Mererani, na mwenye leseni amlipe mtu wake siku hiyo kama siku nyingine yoyote ya kazi.