Wito na mshahara wake

Mwalimu akidai nyongeza ya mshahara, hakosi kuambiwa kwamba ualimu ni wito. Anayemwambia hivyo, aghalabu, si mwalimu.

Katika saikolojia ya kazi neno hili ni istilahi, na halihusu aina ya kazi bali jinsi anayeifanya anavyoiona. Mwaka 1997 Amy Wrzesniewski na wenzake watatu wa Marekani walichapisha utafiti wa wafanyakazi 196 wakitofautisha mitazamo mitatu: kazi ya mkono kwenda kinywani, kazi ya kupanda vyeo, na kazi ambayo mtu huithamini yenyewe, akiamini inawafaa wengine. Huo wa tatu ndio wito. Wa kwanza una jina la Kiswahili tangu zamani: kibarua, kutokana na kikaratasi alichopewa mfanyakazi wa kutwa. Wa pili ndio mgumu kutafsiri, maana “taaluma” hutaja ujuzi na “ajira” hutaja mkataba. “Kazi ya vyeo” angalau inaeleweka.

Wenye wito waliridhika zaidi na maisha na walikosa kazini siku chache. Kipi kilizaa kipi, utafiti haukuthibitisha. Huenda mtu mchangamfu huona wito popote anapowekwa. Wala aina ya kazi haitoshi kueleza tofauti hiyo: makarani 24 waliokuwamo, wenye kazi zinazofanana, waligawanyika karibu sawasawa katika mitazamo yote mitatu.

Baadaye Wrzesniewski na Jane Dutton waliwachunguza wasafishaji wa hospitali. Mmoja wao, aliyesafisha wodi ya wagonjwa waliopoteza fahamu, alizoea kuzihamishahamisha picha za ukutani, akitumaini kwamba mabadiliko hayo yangewasaidia japo kidogo. Hakutumwa na mtu, wala kazi hiyo haikuandikwa popote katika majukumu yake.

Ila wito una gharama. Mwaka 2009 Stuart Bunderson na Jeffery Thompson walichapisha utafiti kuhusu watunzaji wa bustani za wanyama, watu ambao wengi wao wana shahada na malipo yao ni kiduchu. Wenye wito waliona maana kubwa zaidi katika kazi, na walikuwa tayari zaidi kujinyima pesa, muda na starehe. Mwajiri mjanja hapo hahitaji kufundishwa. Lakini “kupenda kazi” ni tafsiri pungufu ya wito: watunzaji hao walizungumzia wajibu kwa wanyama, na kwa wajibu huohuo wakawabana mameneja wao nao wawajibike.