Darubini ya Kumtazamia Bundi wa Mutuini

Aendaye Mutuini wakati wa magharibi, pale mashamba madogo ya Dagoretti yanapopakana na mabaki ya misitu iliyokuwa ikitandaa hata Ngong, hana budi kufahamu kwamba muda aliopewa ni mchache mno, kwa kuwa Nairobi iko nyuzi 1 na kitu tu kusini mwa ikweta, na jua la huku halitui kwa mshazari kama la Ulaya bali hushuka wima, likaacha nuru hafifu ya dakika 20 hivi kabla kiza hakijatamalaki. Katika dakika hizo bundi wa msituni, yule mwenye macho meusi na kichwa cha mviringo kisicho na vishungi, huanza kuitana na mwenziwe. Na atakaye kumwona sharti ajue chombo cha kumwonea kilitoka wapi, maana tarikhi ya darubini humfunza mnunuzi mambo ambayo muuzaji aghalabu hayasemi.

Mwezi wa Oktoba 1890, ofisa Mwingereza Lugard alipofika Dagoretti kwa niaba ya kampuni ya Waingereza, akapatana na Waiyaki wa Hinga, kiongozi wa Wakikuyu, na kujenga ngome, darubini za maofisa wa zama zile zilikuwa bado za mtindo wa Galileo: mirija miwili mifupi, isiyokuza ila mara chache, na yenye upeo mwembamba. Mtaliano Ignazio Porro alikuwa amekwisha kubuni mwaka 1854 njia ya kuigeuza taswira kwa miche ya kioo, lakini kioo safi cha kutosha kilikuwa adimu, hata Ernst Abbe wa kiwanda cha Zeiss mjini Jena alipoikamilisha kazi hiyo, na darubini za namna hiyo zikaanza kuuzwa mwaka 1894.

Walakini faida ya miche, yaani kukuza zaidi kwa upeo mpana, ilifuatana na hasara. Kila uso wa kioo hurudisha asilimia 4 au 5 ya nuru iupigayo, na kwa kuwa darubini ya miche huwa na nyuso kama 10, takriban thuluthi ya nuru ilipotea njiani. Mchana mtu hakuihisi hasara hiyo, bali jioni ilimnyima ndege mzima. Mwaka 1935 Alexander Smakula, mzaliwa wa Ukraine aliyekuwa akifanya kazi Zeiss, akavumbua utando mwembamba wa kupakwa juu ya kioo ili nuru ipite isirudi, na jeshi la Ujerumani likaufanya siri yake. Katika vita vilivyofuata, wanamaji waliokesha zamu waliipendelea darubini ya 7x50, yaani ikuzayo mara 7 na yenye lenzi ya mbele ya milimita 50, na sababu yake ni hesabu nyepesi: ukigawanya 50 kwa 7 unapata mwale wa nuru wa milimita 7 hivi, sawa na upana wa mboni ya kijana ikifunguka gizani. Haja ya baharia atafutaye meli usiku ndiyo haja ya mtazamaji wa bundi.

Hapa Nairobi, jumuiya ya elimu ya viumbe iliyoasisiwa mwaka 1909, ambayo leo ni Nature Kenya, imewafunza wengi kutazama ndege, hasa tangu Fleur Ng'weno alipoanza kuongoza matembezi mwaka 1971. Lakini matembezi hayo ya Jumatano ni ya asubuhi, na darubini ndogo ya 10x25 itoshayo asubuhi hutoa mwale wa milimita 2.5 tu, ambao jioni ni kiza kitupu. Kwa mtu mzima, ambaye mboni yake haifunguki tena kupita milimita 5 hivi, 8x42 yatosha kabisa, nayo ni nyepesi shingoni kuliko ile ya mabaharia. Kijana na achukue 7x50 akiweza kuibeba.

Basi, ewe msomaji, usiijaribu darubini dukani adhuhuri. Omba uitoe nje jua likizama, uielekeze kwenye kivuli cha mti, ulipe ikiwa tu matawi yanabainika. Na ukishampata bundi wako, usimmulike kwa tochi.