Janga linapofunga korti na ajira, sheria husema nini?

MNAMO Machi 13, 2020, serikali ilithibitisha kisa cha kwanza cha ugonjwa wa Covid-19 humu nchini. Siku mbili baadaye, Baraza la Kitaifa la Usimamizi wa Haki, chini ya uenyekiti wa Jaji Mkuu wa wakati huo, David Maraga, lilitangaza kwamba shughuli za mahakama zote zingepunguzwa kwa muda wa wiki mbili.

Wiki hizo mbili zilizaa miezi. Kesi ziliahirishwa, mahabusu hawakutolewa rumande kufikishwa kortini, nao waliokamatwa kwa makosa madogo wakatarajiwa kushughulikiwa katika vituo vya polisi. Wakati uo huo, hoteli na kampuni za utalii zilifunga milango, na wafanyakazi wengi wakajikuta nyumbani bila mshahara.

Wengi waliamini kuwa janga lilikuwa limesimamisha sheria. La hasha. Janga laweza kusimamisha shughuli, lakini haki zilizowekwa na Katiba na sheria za kazi hubakia palepale.

Hatua za serikali

Kwa mujibu wa Kifungu cha 58 cha Katiba ya 2010, ni Rais pekee awezaye kutangaza hali ya hatari. Hatua hiyo haikuchukuliwa wakati wa Covid-19. Badala yake, serikali ilitegemea sheria za kawaida, hususan Sheria ya Afya ya Umma na Sheria ya Utulivu wa Umma.

Kafyu ya kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri ilianza Machi 27, 2020. Aidha, kanuni zilizochapishwa Aprili mwaka huo zilimtaka kila mtu avae barakoa mahali pa umma, la sivyo atozwe faini isiyozidi Sh20,000 au afungwe jela kwa muda usiozidi miezi sita, au apewe adhabu zote mbili.

Chama cha Mawakili nchini kiliwasilisha kesi kupinga kafyu baada ya polisi kuwashambulia raia. Katika uamuzi wake wa Aprili 16, 2020, Jaji Weldon Korir alisema kuwa kafyu yenyewe ilikuwa halali, ila nguvu kupita kiasi zilizotumiwa na polisi zilikiuka Katiba. Aliagiza pia mawakili waongezwe katika orodha ya watoaji huduma muhimu, kwani mtu aliyekamatwa usiku anahitaji wakili usiku huo huo.

Mahakama

Kifungu cha 49 cha Katiba chaagiza mtu aliyekamatwa afikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kupita, au siku inayofuata ya korti iwapo muda huo utaisha nje ya saa za kazi. Kifungu cha 25 nacho chasema wazi kuwa haki ya kusikilizwa kwa usawa haiwezi kuwekewa mipaka. Kwa hivyo, majaji na mahakimu hawakuwa na hiari ya kufunga kazi kabisa. Walilazimika kubuni njia nyingine.

Njia hiyo ilikuwa ya mitandao. Hukumu zilisomwa kupitia video na nyingine kutumwa kwa barua pepe. Sheria ya Marekebisho ya Sheria za Biashara, iliyotiwa saini Machi 18, 2020, ilirahisisha matumizi ya saini za kielektroniki. Mnamo Julai 1 mwaka huo, mfumo wa kuwasilisha kesi kwa njia ya kielektroniki ulizinduliwa jijini Nairobi, na kufikia Machi 2024 ukawa umeenezwa katika mahakama kote nchini.

Hata hivyo, njia hii ina kasoro. Mshtakiwa anayefuatilia kesi yake akiwa gerezani, intaneti ikikatikakatika, hupata taabu kuwasikia mashahidi na hukosa faragha ya kuzungumza na wakili wake. Naye maskini asiye na simu ya kisasa aweza kukosa haki ambayo tajiri anaipata akiwa sebuleni.

Waajiri na wafanyakazi

Sheria ya Ajira ya 2007 haina kifungu kinachomruhusu mwajiri kukata mshahara kwa sababu tu ya janga. Kifungu cha 10 chamtaka mwajiri anayebadilisha masharti ya mkataba ashauriane na mfanyakazi, kisha amjulishe mabadiliko hayo kwa maandishi. Hivyo basi, likizo bila malipo inahitaji makubaliano, si amri ya meneja.

Mwajiri akilemewa, Kifungu cha 40 kinamruhusu kupunguza wafanyakazi, ila kwa utaratibu maalumu. Ni lazima atoe notisi ya angalau mwezi mmoja kwa chama cha wafanyakazi, au kwa mfanyakazi asiye mwanachama, na kwa afisa wa leba. Ni sharti pia azingatie muda wa utumishi, ujuzi na uaminifu anapochagua wa kuondoka.

Anayeachishwa kazi hivyo hulipwa siku za likizo alizobakisha, pamoja na malipo ya angalau siku 15 kwa kila mwaka kamili aliotumikia. Aliyefanya kazi kwa miaka sita, kwa mfano, anastahili mshahara wa siku 90 zisizopungua.

Kuhusu ugonjwa, mfanyakazi aliyehudumu kwa miezi miwili mfululizo ana haki ya angalau siku saba za likizo kwa mshahara kamili na nyingine saba kwa nusu mshahara kila mwaka. Pengo lililojitokeza ni la mtu aliyewekwa karantini ilhali si mgonjwa: Sheria ya Ajira haikumtengea likizo yake.

Vilevile, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 yamtaka mwajiri ahakikishe mahali pa kazi ni salama. Mfanyakazi akiripoti hatari kubwa, mwajiri haruhusiwi kumlazimisha arudi hapo kabla ya hatari hiyo kuondolewa.

Anayehisi amepigwa kalamu isivyo haki anaweza kuwasilisha malalamishi kwa afisa wa leba katika muda wa miezi mitatu, au kushtaki katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi kabla ya miaka mitatu kwisha. Akishinda, fidia yaweza kufikia mshahara wa miezi 12.

Kafyu iliondolewa Oktoba 20, 2021, na Shirika la Afya Duniani likatangaza mwisho wa dharura ya Covid-19 mnamo Mei 5, 2023. Lakini kesi za ajira huamuliwa kwa ushahidi: mkataba, hati za mshahara, barua na jumbe za simu. Wahenga hawakukosea waliponena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Mfanyakazi na mwajiri wanaohifadhi maandishi leo hawatahangaika janga jingine likibisha hodi.