Mwanza na Wabunge Wake: Tunawapa Mtihani Gani?



Uchaguzi ukikaribia, kila kijiwe cha kahawa hapa Bongo kinageuka bunge dogo. Hoja ni ile ile: huyu mheshimiwa wetu amefanya nini? Mmoja atakuambia kazi imeonekana, barabara imechongwa na zahanati imeezekwa. Mwenzake atamkatiza: hayo mabati ni kodi yetu, yeye kachangia nini? Wa tatu atasema hajali barabara wala mabati, yeye anachojua ni kwamba tangu jamaa apate kura hajakanyaga msiba hata mmoja. Watabishana mpaka kahawa ipoe. Na ukiwasikiliza vizuri utagundua kwamba hakuna anayedanganya. Kila mmoja ana ushahidi wake.

Wengi wa rika letu tunaamini kwamba kumpima mbunge ni mambo ya vyama vingi, yaani yalianza 1992, na kabla ya hapo wazee wetu walikuwa wanapiga kura za "ndiyo mzee". Kwenye kura ya Rais kuna ukweli. Kwenye kura ya wabunge, hapana. Naomba niwarudishe nyuma kidogo, tuone mkoa mmoja tu, Mwanza, umewafanyia nini waheshimiwa wake.

Jembe na Nyumba

Mwaka 1965 Tanzania Bara ilikuwa imeingia rasmi katika mfumo wa chama kimoja. Tume ya Rais iliyoongozwa na Rashidi Kawawa ilikuwa imekaa kutafuta jibu la swali gumu: kama chama ni kimoja, mwananchi atachagua nini? Jibu lao lilikuwa la ajabu kwa wakati ule. Kila jimbo lipate wagombea wawili, wote wa TANU, halafu wananchi waamue.

Mambo yalikwenda hivi. Wanaotaka ubunge walijitokeza, mkutano wa TANU wa wilaya ukawapigia kura za maoni, kisha Halmashauri Kuu ya Taifa ikapitisha majina mawili. Wagombea hao wawili walizungushwa jimboni pamoja, wakasimama jukwaa moja mbele ya watu wale wale, wakajibu maswali yale yale. Ilikuwa marufuku kuomba kura kwa kabila, dini au rangi. Marufuku pia kusema kwamba Mwalimu ananitaka mimi. Lugha ya kampeni ilikuwa Kiswahili. Kwa kuwa wapiga kura wengi walikuwa hawajui kusoma, mmoja alipewa alama ya jembe na mwingine nyumba. Unaweza kujua wenyewe utamu uliofuata: mwenye jembe anauliza bila jembe mtakula nini, mwenye nyumba naye anauliza mkishakula mtalala wapi.

Sasa fikiria maana yake. Hakuna chama cha kukisingizia. Hakuna ilani mbili. Sera ni moja, Rais ni mmoja, rangi ya kadi ni moja. Kilichobaki mezani ni mtu na kazi yake. Tangu mfumo huo wa chama kimoja uishe, hatujawahi kuwa na mtihani mtupu namna ile wa kumpima mbunge mwenyewe.

Septemba 1965 majibu yalitoka. Katika kura ya Rais, Mwalimu Nyerere alipata zaidi ya asilimia 96. Katika uchaguzi huo huo, wananchi hao hao waliwaangusha wabunge wake wengi, wakiwemo mawaziri wawili na mawaziri wadogo kadhaa. Mkubwa kuliko wote aliyeanguka alikuwa Waziri wa Fedha, Paul Bomani. Na alianguka nyumbani, Mwanza.

Bomani alikuwa nani?

Kwa wasiomjua, Bomani hakuwa mtu wa kuokotwa. Miaka ya mwanzo ya 1950, mkulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa alikuwa anapunjwa kwenye mizani na kwenye bei. Bomani alikuwa miongoni mwa vijana waliozunguka vijijini kuwaunganisha wakulima ili wauze wenyewe. Alikwenda Uingereza kusomea ushirika, akarudi, na mwaka 1955 likazaliwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika vya Victoria, makao yake makuu Mwanza. Lilikuja kutajwa kuwa moja ya mashirika makubwa kabisa ya ushirika yanayomilikiwa na Waafrika katika bara zima. Watoto walisomeshwa kwa pamba ile. Nyumba za bati zilisimama kwa pamba ile. Baadaye akaingia serikalini, na mwaka 1962 akashika Wizara ya Fedha, akimpokea Ernest Vasey. Akawa Mwafrika wa kwanza kuishika wizara hiyo katika nchi hii.

Mtu kama huyo anaangukaje?

Wanazuoni wa Chuo Kikuu pale Dar es Salaam walifuatilia uchaguzi ule jimbo kwa jimbo, na kitabu chao kilichohaririwa na Lionel Cliffe kilitoka mwaka 1967. Picha inayojitokeza ni kwamba kwa sehemu kubwa wananchi hawakupigia kura sera za taifa. Walipiga kura za nyumbani: nani tunamwona, nani tunaweza kumfikia, nani ametusahau baada ya kwenda Dar es Salaam. Ukubwa wa cheo haukuwa kinga. Mara nyingine ulikuwa mzigo, kwa sababu waziri hukaa mbali, na kodi zinapopanda jina lake ndilo linalotajwa. Juu ya hayo, ushirika wenyewe ulikuwa umeanza kunung'unikiwa. Mwaka uliofuata, 1966, serikali iliunda kamati maalumu kuchunguza vyama vya ushirika nchi nzima, na kamati ikakuta uzembe na udanganyifu katika vyama vingi. Yaani kilekile kilichompandisha Bomani kilikuwa kimeanza kunuka machoni pa baadhi ya wakulima.

Kwa hiyo Mwanza iligawanyika. Kuna waliomkumbuka kijana wa mizani, na kuna waliomwona waziri wa mbali. Wote walikuwa wanamzungumzia Bomani huyo huyo.

Usiseme ni chuki tu

Kuna wanaosema wananchi wana tabia ya kuwaangusha wakubwa kwa wivu. Uchaguzi ule ule unakataa. Amir Jamal, Mtanzania mwenye asili ya Asia na waziri, aligombea Morogoro dhidi ya Mwafrika akashinda. Derek Bryceson, Mzungu na waziri pia, alishinda Dar es Salaam. Kama kura zingekuwa za wivu au za rangi, hao ndio wangekuwa wa kwanza kwenda na maji. Wapiga kura walikuwa wanachagua kwa kutafakari. Ila kila jimbo lilitafakari kwa vigezo vyake.

Halafu kikaja kituko ambacho kwangu ndicho kiini cha habari hii. Mwalimu alimteua Bomani kuwa mbunge, akarudi Baraza la Mawaziri kushughulikia uchumi na mipango ya maendeleo. Wizara ya Fedha akapewa Jamal. Ukiwa Dar es Salaam unaweza kusema ni busara, nchi changa haiwezi kumtupa mtu mwenye uwezo kama ule. Ukiwa mkulima wa Mwanza uliyepanga foleni kumkataa, unajiuliza: basi kura yangu ilisema nini?

Ilisema kitu kimoja tu: huyu asiwe mbunge wetu. Haikuandika sababu. Karatasi ya kura haina nafasi ya maelezo. Hiyo ndiyo shida ambayo hatujaitatua mpaka leo.

Miaka 45 baadaye

Ruka mpaka Oktoba 2010. Jimbo la Nyamagana, katikati ya Jiji la Mwanza, mbunge ni Lawrence Masha wa CCM. Aliingia mwaka 2005, mwaka 2008 akawa Waziri wa Mambo ya Ndani. Tunazungumzia mtu anayesimamia polisi wa nchi nzima. Akaangushwa na Ezekia Wenje wa Chadema. Jirani yake pale Ilemela, Anthony Diallo, ambaye naye alikuwa amewahi kuwa waziri, akaangushwa na Highness Kiwia wa Chadema. Magazeti yakaandika mabadiliko, wimbi la upinzani, nguvu ya vijana. Yote yana ukweli. Lakini mtu aliyesoma habari za 1965 angetabasamu kidogo: Mwanza imeangusha waziri tena, na safari hii chama kingine kilikuwepo cha kumpokea mshindi.

Kama lile lilikuwa wimbi la chama peke yake, lingekaa. Halikukaa. Mwaka 2015 Wenje naye akashindwa, na Nyamagana ikarudi CCM kwa Stanslaus Mabula, ambaye kabla ya hapo alikuwa Meya wa Jiji. Mabula akarudi tena 2020. Masha, kwa upande wake, alihamia Chadema mwaka 2015 na mwaka 2017 akarejea CCM.

Wenje alijulikana kwa mdomo. Waliompenda walisema tumepata mtu wa kuibana serikali bungeni. Waliomchoka walisema kelele hazijengi mitaro. Meya alikuja na sifa ya upande wa pili: huyu anaijua halmashauri, anajua mitaro ilipo. Na wapo waliojibu kwamba mtu wa mitaro alitakiwa abaki halmashauri.

Nani alishika kalamu?

Tukio la Desemba 2016 linaonyesha ugumu ulipo. Wamachinga waliondolewa katikati ya Jiji la Mwanza. Kilio kikawa kikubwa. Wenye maduka na baadhi ya wakazi walishukuru kwamba sasa njia zinapitika. Wamachinga wenyewe na wateja wao walisema wamepigwa tumboni, tena karibu na sikukuu. Jiji lilipasuka katikati. Kisha Rais Magufuli akatoa agizo la kuwataka viongozi wasimamishe zoezi na wamachinga warudi.

Tazama waliohusika. Mkuu wa Mkoa huteuliwa na Rais. Mkuu wa Wilaya huteuliwa na Rais. Mkurugenzi wa Jiji huteuliwa na Rais. Agizo la kuwarudisha lilitoka kwa Rais. Mbunge na madiwani, watu pekee ambao mmachinga na mwenye duka waliwapigia kura kwa ajili ya mji wao, hawakuwa na neno la mwisho. Lakini ikifika siku ya uchaguzi, nani atakayesimama mbele ya sanduku? Ni wao. Mkurugenzi hagombei.

Hapa sisemi wachaguliwa ni malaika. Wengi hufurahia kujitwalia sifa za barabara iliyojengwa na wakala wa serikali, kwa hiyo wasilalamike wakibebeshwa na lawama zake. Ila sisi wapiga kura tukitaka ugomvi wetu uwe na faida, lazima tujue tunapima nini.

Mitihani mitatu

Kwa maoni yangu, tangu 1965 tunampa mbunge mitihani mitatu kwa wakati mmoja, bila kumwambia upi una alama nyingi.

Wa kwanza ni ule wa Katiba. Ibara ya 63 inalipa Bunge kazi ya kuisimamia na kuishauri Serikali. Huu hupimwa kwa maswali aliyouliza na misimamo aliyoweka, na kumbukumbu zipo kwenye Hansadi.

Wa pili ni wa maendeleo. Tunataka maji, madarasa, madawati. Hapa sehemu kubwa ya fedha hazimo mikononi mwake, isipokuwa ule Mfuko wa Jimbo uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2009. Kamati yake inaongozwa na mbunge mwenyewe. Hapo hana pa kujificha, na hapo ndipo tungeanza kumuuliza.

Wa tatu ni wa utu. Anafikika? Anasalimia? Anakuja tukifiwa? Wasomi hupenda kuudharau mtihani huu, eti ni siasa za ubwabwa. Mimi siudharau. Mkulima wa 1965 aliyesema "hatumwoni" alikuwa anasema jambo zito: mtu asiyekuja kwako hawezi kukusemea, kwa sababu hajui unachotaka kusema.

Bomani alifaulu mtihani wa pili kuliko karibu kila mtu wa kizazi chake, na inaonekana aliangushwa kwenye wa tatu. Wenje alisifiwa kwa wa kwanza, akaulizwa wa pili. Na kijiweni pale, yule wa zahanati, yule wa kodi na yule wa msiba hawabishani kuhusu mbunge. Kila mmoja ameshika karatasi ya mtihani tofauti.

Mgawanyiko wenyewe haunitishi. Jimbo ambalo wote wanasema mheshimiwa ni safi mia kwa mia, hilo ndilo la kuogopa. Kinachonisumbua ni kwamba tunasahihisha mara moja kila miaka mitano, kwa alama moja, bila kuandika sababu, halafu tunamletea mwingine maswali yale yale ambayo hatukumwonyesha. Vikao vya baraza la madiwani viko wazi kwa wananchi. Umewahi kuhudhuria hata kimoja? Ripoti za CAG kuhusu halmashauri hutoka kila mwaka. Jina la halmashauri yako umewahi kulitafuta humo?

Wazee wa 1965 walikuwa na jembe na nyumba tu, wengi wao bila kusoma, na walimwangusha Waziri wa Fedha. Sisi tuna shule, simu na taarifa kibao. Angalau tuweze kusema kwa nini.

Haya, jimboni kwako mnasahihisha mtihani upi?