Kipima kilichosoma sifuri: historia ya kuzihesabu chembe za Mshtarii

Usiku ambao mawingu yameondoka, Mshtarii huonekana bila taabu kutoka Magomeni Mapipa, hata taa zote za Barabara ya Morogoro zikiwa zinawaka. Nuru yake imetulia, haimetimeti kama ya nyota. Wanajimu wa pwani waliihesabu kuwa sayari ya heri. Wahandisi wa vyombo vya anga wana sababu ya kuiona vingine.

Sayari hiyo imezungukwa na uga wa sumaku mkubwa kiasi kwamba, lau macho yetu yangeweza kuuona, ungetanda angani kwa upana unaozidi mwezi mpevu. Humo ndani zimenaswa elektroni, protoni na ayoni za salfa na oksijeni zilizotapikwa na volkano za Io, mmoja wa miezi yake. Nyingine zinakimbia karibu na kasi ya mwanga. Zinapenya chuma na kuharibu vifaa. Kwa hiyo historia ya kuzihesabu imejaa vipima vilivyotoa majibu ya uongo, pamoja na watu waliokaa chini baadaye, mara nyingine miaka mingi, kuvibana mpaka vikasema kweli. Sehemu ya historia hiyo imepita pwani yetu.

Mwaka 1958, mwaka ule ule ambao Dar es Salaam ilifuatilia kesi ya kashfa ya Mwalimu Julius Nyerere, ambaye nyumba yake ya Magomeni leo ni makumbusho, kundi la wanafizikia wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, lilikuwa likiumiza kichwa juu ya tarakimu moja. Satelaiti ya Explorer 1, iliyorushwa Januari 31 mwaka huo, ilibeba kipima cha Geiger cha James Van Allen. Ikiwa chini, kipima kilihesabu miale kama ilivyotarajiwa. Ikipanda juu zaidi, hesabu ilianguka hadi sifuri. Mwezi Machi Explorer 3 ikaleta jambo lile lile.

Carl McIlwain, kijana wa kundi hilo, alichukua kipima cha aina ile ile na kukiweka mbele ya mashine ya eksirei. Alipoizidisha nguvu, kipima kilihesabu haraka, kikazidi kuhesabu, kisha kikanyamaza. Kila chembe inapogonga, kipima cha Geiger huhitaji kitambo kidogo kujirudisha sawa. Chembe zikija mfululizo bila kukipa nafasi, mapigo yake hudhoofika hadi saketi ya kuhesabu isiyatambue. Sifuri ile ilikuwa na maana ya mafuriko. Dunia ilikuwa na mikanda ya chembe kali, ambayo leo inaitwa kwa jina la Van Allen. Kwa maoni yangu, jaribio lile la McIlwain ndilo jiwe la msingi la fani hii, kuliko hata roketi yenyewe, maana bila hilo dunia ingebaki na tarakimu safi isiyo na maana.

Mikanda hiyo ndiyo mojawapo ya sababu zilizowaleta Wataliano na Wamarekani katika Ghuba ya Ungwana, kaskazini ya Malindi. Juu ya Brazili na Atlantiki ya Kusini, uga wa sumaku wa Dunia ni dhaifu na mkanda wa ndani unashuka chini. Satelaiti yenye njia iliyoinama sana hupita humo mara kadhaa kwa siku, na kila ikipita vipima vyake hujaa takataka. Inayozunguka ikiikumbatia Ikweta huepuka sehemu kubwa ya balaa hilo. Juu ya hayo, roketi ikirushwa karibu na Ikweta husukumwa pia na mzunguko wa Dunia. Luigi Broglio, mhandisi wa Kitaliano, aliliona hilo mapema. Alisimamisha majukwaa ya chuma baharini mbele ya Ngomeni, kama digrii 3 kusini mwa Ikweta, na satelaiti ya kwanza ikapaa kutoka hapo Aprili 1967.

Desemba 12, 1970, Kenya ikiadhimisha miaka saba ya uhuru, jukwaa la San Marco lilirusha satelaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa kwa ajili ya kuchunguza anga kwa eksirei tu. Marjorie Townsend, aliyeongoza mradi huo upande wa NASA, aliipa jina la Uhuru kwa heshima ya wenyeji. Kiongozi wa kisayansi alikuwa Riccardo Giacconi, ambaye mwaka 2002 alipata Tuzo ya Nobel ya fizikia. Vipima viwili vya satelaiti hiyo, vilivyotazama pande mbili zinazopingana, vilifagia anga hadi mwaka 1973, na orodha ya mwisho ikawa na vyanzo 339 vya eksirei. Mpaka leo mwanaanga akiandika 4U na kufuatisha tarakimu, herufi ile U ni ya Uhuru. Sijui ni Waswahili wangapi wanalo jambo hilo kichwani. Shuleni hatukufundishwa.

Ajabu ni kwamba kwa watu wa Uhuru chembe zilikuwa uchafu wa kuepukwa, na miaka mitatu baadaye chombo cha wengine kilisafiri mamilioni ya kilomita kuzifuata. Mwanzoni mwa Desemba 1973 chombo cha Pioneer 10 kilipita kilomita kama 130,000 juu ya mawingu ya Mshtarii. Tangu mwaka 1955, Bernard Burke na Kenneth Franklin walipoinasa kwa bahati sauti ya redio ya sayari hiyo, watu walijua kwamba kuna kitu kule. Walichokutana nacho kiliwazidi. Baadhi ya vipima vilijaa. Kifaa cha picha kilianza kupokea amri ambazo hakuna aliyezituma, na picha za Io zikapotea. Binadamu angepata dozi ya kumuua mara nyingi mfululizo.

Kupita mara moja hakutoshi, kwa hiyo ikaja Galileo. Ilirushwa Oktoba 1989 na kuingia kwenye mzunguko wa Mshtarii Desemba 7, 1995, ikiwa chombo cha kwanza kuzunguka mojawapo ya sayari kubwa za nje. Antena yake kuu iligoma kufunguka, hivyo data zikawa zinatumwa kwa matone kupitia antena ndogo, kwa kasi isiyozidi biti 160 kwa sekunde hivi. Miongoni mwa vifaa vyake kilikuwemo kipima cha chembe kali, kilichotengenezwa na maabara ya Chuo Kikuu cha Johns Hopkins pamoja na taasisi ya Max Planck ya Ujerumani, chini ya Donald Williams. Kilikuwa na darubini mbili za chembe kwenye mota iliyozigeuza huku na huku.

Muuza maharage wa Soko la Magomeni akiwa na stika ya Wakala wa Vipimo kwenye mizani yake, mteja anajua kwamba mkaguzi alishaweka juu yake jiwe la uzito usio na shaka. Mshtarii hakuna wa kupeleka jiwe. Ilibidi chombo kisafiri nalo. Mota ya kipima ilikuwa na kituo kimoja nyuma ya ngao, penye chanzo kidogo cha mionzi kinachojulikana, ili darubini zijipime zenyewe. Kazi hiyo ndiyo ile ambayo Shirika la Viwango, TBS, pale Ubungo, kando ya Barabara hiyo hiyo ya Morogoro, huiita ugezi.

Tatizo ni kwamba mizani yenyewe ilikuwa inaliwa. Kila mzunguko, ayoni zilizotakiwa kuhesabiwa zilizidi kuharibu uso wa vigunduzi, na juu yao likaota tabaka mfu: chembe inapita humo, inaacha sehemu ya nishati yake, na kipima hakioni. Ayoni nzito za oksijeni na salfa ziliathirika kuliko zote. Kadiri miaka ilivyokwenda zilisomeka kuwa na nishati ndogo kuliko ya kweli, na mtafiti asiyejua angeweza kuandika kwamba Mshtarii inapoa. Vifaa vingine navyo viliugua. Novemba 2002 Galileo ilipopita karibu na mwezi wa Amalthea, kinasa tepu kiligoma, kisa taa ndogo ya ndani iliyoharibiwa na protoni. Wahandisi waliipitishia umeme kwa saa nyingi ili fuwele yake ijipange upya, nayo ikapona. Septemba 21, 2003 chombo kilielekezwa ndani ya sayari, kikateketea.

Tarakimu zake hazikufa. Mwaka 2020 watafiti walichapisha njia ya kukadiria tabaka mfu lilivyokua mwaka hadi mwaka na kurudishia kila hesabu nishati iliyomezwa. Ni kazi ya kukaa na jedwali, isiyopata picha gazetini, lakini ndiyo iliyofanya data za miaka ya tisini zitumike tena.

Chombo cha Juno, kilichofika Mshtarii Julai 2016, kilijifunza kutokana na hayo: akili zake zimefungiwa kwenye sanduku la titani, na njia yake inapita juu ya ncha ili kukwepa sehemu kali za mikanda. Na hapa pwani yetu inarudi kwenye hadithi. Darubini ya eksirei ya NASA iitwayo NuSTAR, iliyorushwa mwaka 2012, nayo inazunguka karibu na Ikweta kwa sababu ile ile ya Uhuru, na kituo chake kikuu cha kupokelea data kiko Malindi. Februari 2022 Kaya Mori wa Chuo Kikuu cha Columbia na wenzake walitangaza kwamba NuSTAR imenasa eksirei zenye nishati kubwa kutoka kwenye mianga ya ncha za Mshtarii. Walichukua elektroni zilizohesabiwa na Juno kule juu, wakakokotoa zingetoa eksirei gani zikigonga hewa na kufunga breki ghafla, wakalinganisha na zilizonaswa na NuSTAR. Zikaoana. Ikajulikana pia kwa nini chombo cha Ulysses hakikuona kitu mwaka 1992: kilikuwa kinatafuta kwenye nishati za juu mno, ambako mwanga huo umeshafifia.

Mifano ya mnururisho iliyotokana na hesabu za Galileo ndiyo iliyotumika kupanga safari ya chombo cha Europa Clipper kwenda Mshtarii, iliyoondoka Oktoba 14, 2024 na kutarajiwa kufika mwaka 2030. Miezi mitano kabla ya kuondoka, iligundulika kwamba baadhi ya transista zake hazihimili mionzi kama zilivyodhaniwa. Wahandisi walipima upya, wakahesabu kwamba chombo kitakaa katika eneo kali kwa takriban siku moja kati ya kila 21, na kwamba siku zinazobaki zinatosha kwa transista kupona kwa kiasi. Wakairuhusu iende.