Chuma cha Nje, Chuma cha Ndani

Katika Ugiriki ya kale, mtu mwenye mgongo uliopinda alifungwa kwenye ngazi, ngazi ikapandishwa juu kwa kamba, kisha ikaachiwa ishuke kwa kishindo ili mtikisiko umnyooshe. Maandishi ya Hippocrates yanaeleza njia hiyo, na papo hapo yanawakemea matabibu walioitumia ili kushangaza umati. Hakuna aliyeuliza mgonjwa yule angekuwaje miaka 20 baadaye. Swali hilo lilisubiri hadi juzi tu.

Ugonjwa wenyewe huitwa skoliosisi: uti wa mgongo hupinda kwenda ubavuni huku pingili zikijisokota. Mara nyingi hujitokeza mtoto anapobalehe, chanzo chake kwa kawaida hakijulikani, na pindo kubwa huwapata zaidi wasichana. Katika karne ya 16 Ambroise Paré, daktari wa wafalme wa Ufaransa, alishauri vizibao vya chuma vilivyotobolewa matundu. Mwaka 1741 Nicolas Andry akachapisha kitabu chenye mchoro wa mti mchanga uliopinda, umefungwa kwa kamba kwenye mhimili. Sisi tungesema samaki mkunje angali mbichi. Wazo lilikuwa sahihi. Kilichokosekana ni kipimo.

Kisu kilikuja baadaye. Russell Hibbs wa New York aliunganisha pingili za mgonjwa wa kifua kikuu cha mifupa mwaka 1911, na mwaka 1914 akaanza kuwapasua wenye skoliosisi. Walilala ndani ya plasta kwa miezi. Kamati ya mabingwa wa mifupa wa Marekani ilipochunguza wagonjwa 425 mwaka 1941, iligundua kuwa kwa zaidi ya robo ya waliopasuliwa, mifupa haikushikana.

Polio, iliyopooza watoto na kupinda migongo yao, ndiyo iliyosukuma mambo mbele. Katika miaka ya 1940 Walter Blount na Albert Schmidt walibuni kizibao cha Milwaukee, chenye vyuma vinavyopanda kutoka nyonga hadi shingoni. Huko Houston, Paul Harrington, aliyezungukwa na watoto waliopoozwa na polio, alitengeneza nondo ya kutia ndani ya mgongo, akaitangaza mwaka 1962. Nondo hiyo ilinyoosha pindo, lakini kwa baadhi ya wagonjwa ilifuta pia mbinuko wa asili wa kiuno, wakazeeka wakiinama mbele kwa maumivu. Mwaka 1984 Wafaransa Cotrel na Dubousset walileta vyuma vinavyoupanga mgongo kwa pande zake zote.

Jibu la miaka mingi lilitoka Göteborg, Sweden. Aina Danielsson na Alf Nachemson waliwatafuta watu waliotibiwa kati ya 1968 na 1977, 156 kwa upasuaji na 127 kwa kizibao. Baada ya miaka zaidi ya 20, pindo lilikuwa limeongezeka kwa wastani wa nyuzi 3.5 kwa waliopasuliwa na nyuzi 7.9 kwa waliovaa kizibao. Waliopasuliwa walikuwa na pindo kubwa tangu mwanzo, kwa hiyo si haki kuwashindanisha moja kwa moja. Hata hivyo ubora wa maisha wa makundi yote mawili ulikaribiana na wa watu wengine. Kinachoniuma ni hiki: asilimia 49 ya waliopasuliwa na 34 ya waliovaa kizibao walisema mgongo uliwazuia kushiriki shughuli za kijamii, na maumivu hayakuwa sababu kuu. Mwili ulishindwa baadhi ya shughuli, na wengine waliona haya kwa umbo lao. Eksirei haipimi haya.

Lakini je, kizibao kilizuia chochote, au pindo lingetulia lenyewe? Mwaka 2013 utafiti wa watoto 242 wa Marekani na Kanada, ulioongozwa na Stuart Weinstein, ulisimamishwa mapema kwa sababu jibu lilikuwa wazi. Asilimia 72 ya waliovaa kizibao walimaliza kukua bila pindo kufika nyuzi 50, kiwango ambacho kwa kawaida huita kisu. Kwa wasiovaa ilikuwa asilimia 48. Waliokivaa zaidi ya saa 12.9 kwa siku walifanikiwa kwa asilimia 90 au zaidi.

Kwangu mimi hilo linamaliza ubishi. Kizibao na kisu si wapinzani: kisu ni cha pindo lililokwisha kuwa kubwa, kizibao ni cha mtoto ambaye bado anakua, na mlango wake hufungwa mifupa ikikomaa. Mzazi mwenye binti wa miaka 10 au 12, mwambie ainame mbele mikono ikining'inia, umtazame kwa nyuma. Ukiona upande mmoja wa mbavu umeinuka kuliko mwingine, mpeleke kwa daktari wa mifupa mwezi huu.